Uza joto kwanza: mwongozo wa mradi wa umeme na joto kwa watu wa Malindi na Lamu

Umeme ukikatika Malindi, zunguka nyuma ya hoteli yoyote kubwa usikilize. Jenereta inanguruma, na bomba la moshi limepata moto kiasi kwamba tone la mvua likiangukia juu yake linalia kama kitunguu kikitiwa kwenye mafuta. Hatua ishirini kutoka hapo, upande wa dobi, boila inachoma dizeli nyingine ili kupasha maji ya kufulia mashuka. Mafuta yanachomwa mara mbili. Mara ya kwanza tunachukua umeme na kuutupa moto, mara ya pili tunanunua upya moto uleule tuliokwisha kuutupa.

Mradi wa umeme na joto kwa pamoja unaziba tundu hilo. Injini nzuri hugeuza asilimia 35 hadi 42 ya nguvu ya mafuta au gesi kuwa umeme. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kupitia moshi na maji ya kupoza injini. Ukiinasa na kuipeleka panapohitajika, matumizi yenye faida ya mafuta yako hufika asilimia 80 na zaidi. Fundi yeyote mzuri atakueleza hayo. Kinachowaangusha watu ni sheria na biashara yake, na humo ndimo nimeshinda kwa miaka kadhaa nikisaidia wenye viwanda, vyama vya ushirika na hoteli kuandaa makaratasi.

Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili. Umeme una mlinzi: una EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, una leseni, una bei zinazopitishwa na serikali. Joto halina mlinzi. Hakuna bei ya taifa ya mvuke, wala hakuna gridi ya maji ya moto ambayo italichukua joto lako mnunuzi akikugeuka. Linalolilinda ni karatasi mliyotia saini wewe na jirani yako. Kwa hiyo karatasi hiyo ndiyo ya kwanza, kabla ya injini, kabla ya mkopo, na kabla ya safari ya Nairobi.

Mradi wa kwanza nilioshiriki ulikaa ubavuni mwa kiwanda cha kusindika maembe. Mkataba wa umeme ulikuwa kurasa nyingi zenye mihuri. Wa mvuke ulikuwa kurasa mbili, na kifungu chake cha maana kilisema mnunuzi atachukua mvuke "kadiri atakavyohitaji". Msimu wa maembe ulipokwisha, msimamizi wa kiwanda alifunga vali. Hakuvunja mkataba wowote, kwa sababu hakuhitaji. Injini iliendelea kuunguruma kwa ajili ya umeme, joto likapaa hewani kwa miezi, na rejesho la benki likaja kila mwezi kama kawaida. Maneno mawili, "kadiri atakavyohitaji", yaliuma kuliko hitilafu yoyote ya mtambo niliyoiona tangu siku hiyo.

Hatua ya 1: Jua joto linatumika wapi, lini, na la namna gani

Anza na daftari. Kwa wiki mbili hadi nne, andika kila saa mafuta yanayoingia kwenye boila, maji yanayopashwa, na nyuzi joto zake. Kama kituo chako ni kikubwa, sheria imekusaidia: kanuni za usimamizi wa kawi za mwaka 2012 zinakitaka kituo kinachotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa kawi kila baada ya miaka 3, na kitekeleze hatua zitakazoleta angalau nusu ya akiba iliyoonyeshwa na mkaguzi. Hoteli nyingi za ufukweni zinapita kiwango hicho kwa viyoyozi peke yake. Wengi hufanya ukaguzi ili kupata cheti na kukifungia kabatini. Ukiwa na ripoti hiyo, itoe usome ukurasa wa joto, maana kazi ya mwezi mzima umeshafanyiwa.

Angalia mambo matatu. La kwanza ni nyuzi. Maji ya kupoza injini hutoka yakiwa karibu nyuzi 90, ambayo yanatosha dobi, bafu, kukausha nazi iwe mbata, na kupasha juisi kabla ya kuichemsha. Mvuke na barafu vinataka joto kali zaidi, lile la moshi. La pili ni umbali. Maji ya moto hayapendi safari: kila mita ya bomba ni hasara na gharama, na bomba likivuka barabara ya umma tayari una ofisi nyingine ya kupiga hodi. La tatu ni msimu. Maembe yana msimu, watalii wana msimu, na pepo zina msimu. Chora miezi 12 kwenye karatasi moja na uweke alama ya joto kila mwezi. Mwezi usio na alama ndio mwezi utakaokutia hasara.

Usisahau baridi. Joto linaweza kutengeneza barafu kupitia mtambo wa kufyonza, yaani mashine ya baridi inayoendeshwa kwa joto, ule unaotumia amonia. Ile mitambo ya kufyonza inayotumia chumvi ya lithiamu inafaa kupoza vyumba tu, haishuki hadi kuganda, na nimewahi kuona mtu akiuziwa hiyo kwa kazi ya barafu. Kugandisha tani moja ya maji ya nyuzi 28 kunahitaji baridi ya takriban kilowati-saa 125, na mtambo wa amonia utakula joto kama mara mbili ya hapo. Nilipolizungumza hili na mwenyekiti wa wavuvi kule Lamu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Shekhe, barafu ya kesho haimwokoi samaki wa leo. Niandikie saa ngapi itakuwa tayari." Hapo akawa amenipa kifungu cha mkataba ambacho sikuwa nacho: saa ya kukabidhi bidhaa.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa lita

Watu huchanganyikiwa na kilowati, lakini lita ya dizeli kila mtu anaijua. Lita moja ina nguvu ya takriban kilowati-saa 10, na boila ya kawaida hukupa 8 zilizo na faida. Basi kila kilowati-saa 8 za joto unazoziuza zinamwokolea mnunuzi lita moja.

Chukua injini ya gesi ya kilowati 200 za umeme, yenye asilimia 38 upande wa umeme na 43 upande wa joto. Itataka gesi ya kilowati 526 na itatoa joto la kilowati 226. Ikifanya kazi saa 6,000 kwa mwaka, umeme ni kilowati-saa 1,200,000, na joto ni kama 1,356,000, sawa na lita 169,500 za dizeli ambazo mnunuzi hatazinunua. Sasa mchukulie mnunuzi anayehitaji joto saa 1,800 tu kwa mwaka, mtu wa msimu. Joto linaloliwa linashuka hadi kilowati-saa 406,800, yaani lita 50,850. Injini ni ileile, mkopo ni uleule, ila theluthi mbili na zaidi ya mapato ya joto imeyeyuka. Ndiyo maana ukubwa wa injini hupimwa kwa joto la kawaida la mnunuzi, na umeme unafuata hapo. Ukipima kwa kiu ya umeme utanunua mtambo mkubwa kuliko mfuko wako.

Hatua ya 3: Funga mkataba wa kuni kabla bei haijapanda

Nasema kuni kwa maana ya chochote utakachochoma au kuozesha. Huku kwetu watu hutaja makumbi na vifuu vya nazi, kinyesi cha mifugo, maganda ya maembe, na mathenge yaliyojaa upande wa Tana.

Bayogesi ina mvuto wake, lakini ipitishe kwenye ungo wa hesabu. Injini ile ya kilowati 200 ikiendeshwa usiku na mchana inataka gesi ya takriban mita za ujazo 2,100 kwa siku. Tani moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa kama mita 40. Hiyo ni tani 52 kila siku ya Mungu, na ng'ombe wetu wa zebu hutoa kama kilo 10 kwa siku. Ng'ombe zaidi ya 5,000, waliofungwa mahali pamoja ili kinyesi kipatikane. Akija mtu na mchoro wa mtambo wa kilowati 200 na zizi la ng'ombe 60, mshukuru na umrudishe nyumbani.

Makumbi na vifuu ni hadithi nyingine. Leo vinatupwa shambani, kesho ukianza kuvinunua vina bei. Tena vifuu vina wateja wa makaa na makumbi yana wateja wa usumba. Funga mkataba wa miaka kadhaa na chama cha wakulima badala ya mkulima mmojammoja, uweke bei kwa tani kavu, na uandike unyevu unaokubalika. Kumbi lililonyeshewa ni uzito wa maji unaoulipia. Kumbuka pia desturi yetu ya Pwani, ambapo minazi inaweza kuwa ya mtu na ardhi ikawa ya mwingine. Anayekuuzia makumbi lazima awe mwenye minazi.

Mikoko iache. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na ukataji wake unatawaliwa na sheria ya misitu ya mwaka 2016. Mradi unaotegemea mikoko hautapata leseni, na haustahili kuipata.

Yaliyoikuta Mumias yatosha kuwa somo kwa nchi nzima. Kiwanda kile cha sukari kilijenga mtambo wa megawati 38 wa kuchoma makapi ya miwa ulioanza kazi mwaka 2009, ukipangiwa kupeleka megawati 26 kwenye gridi. Mitambo ilikuwepo, mkataba ulikuwepo. Miwa ilipopungua, makapi yakapungua, na umeme ukapungua nayo. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na benki inayodai. Linganisha na Gorge Farm ya Naivasha, shamba la mboga lenye mtambo wa bayogesi wa zaidi ya megawati 2: malighafi ni mabaki ya shamba lenyewe, joto linaenda kwenye nyumba za mimea za hapohapo, umeme unatumika shambani, na ziada ndiyo inayouzwa kwa Kenya Power. Kila kitu kimo ndani ya ua mmoja. Ukiweza kupata ua mmoja, nusu ya mwongozo huu huihitaji.

Hatua ya 4: Andika mkataba wa joto

Kaa hapa muda mrefu kuliko penginepo. Mtafute wakili, lakini mwende mkiwa na majibu ya maswali haya tayari.

Mnauziana nini hasa? Mkiandika "tani ya mvuke", andikeni na shinikizo lake na nyuzi zake. Kwa maji ya moto, uza kilowati-saa za joto: mita ya mtiririko pamoja na vipima joto viwili, kimoja cha maji yanayokwenda na kingine cha maji yanayorudi. Nyuzi za kurudi ni muhimu na husahaulika. Mnunuzi akirudisha maji yakiwa nyuzi 80 badala ya 60, injini yako haipoi vizuri na joto ulilouza ni dogo. Mwekee kikomo.

Mita ikae wapi? Mpakani, kwenye ukuta wa pamoja, pande zote mbili ziione. Nimeona mita ikiwekwa ndani ya chumba cha injini, na hasara ya bomba la mita 70 ikamwangukia mnunuzi bila yeye kujua. Alipogundua, uhusiano uliharibika. Andikeni pia nani anaihakiki mita, kila baada ya muda gani, na hesabu itarekebishwaje ikikutwa inadanganya.

Kiwango cha chini ni kipi? Hiki ndicho kifungu kilichokosekana kwenye mradi wangu wa kwanza. Mnunuzi akubali kulipia kiasi fulani cha joto kila mwaka, alitumie asilitumie. Usiweke kiwango sawa kwa kila mwezi kama kazi yake ni ya msimu, utamuua naye atakukimbia. Wekeni kiwango cha mwaka, chenye mgawanyo wa miezi kufuata ule mchoro wa hatua ya kwanza. Kwa upande wako, ahidi saa za upatikanaji, na useme utalipa nini injini ikilala. Mara nyingi suluhisho la haki ni boila yake ya zamani kubaki hai kama akiba, mafuta yake yakiwa juu yako siku unazoshindwa, hadi kikomo mtakachokubaliana.

Bei itapandaje? Usiifunge kwenye bei ya umeme. Mnunuzi analinganisha joto lako na dizeli au kuni alizoacha, basi bei ifuate hizo kwa punguzo mlilokubaliana, pamoja na sakafu ya kukulinda dizeli ikishuka. Bei za mafuta hutangazwa na EPRA kila mwezi, kwa hiyo mna kipimo cha hadharani ambacho hakuna anayeweza kukibishia. Na sarafu iwe shilingi kama mapato ya mnunuzi ni ya shilingi. Hoteli inayolipwa kwa yuro inaweza kubeba mkataba wa fedha za kigeni. Chama cha wavuvi hakiwezi, na si uungwana kukibebesha.

Nani anabeba yasiyozuilika? Orodhesheni: mafuriko ya Mto Sabaki yaliyokata barabara, zuio la serikali, vita. Kukosa makumbi kusiwe humo, hiyo ni kazi yako. Kukosa watalii kusiwe humo pia, hiyo ni kazi ya mwenye hoteli. Mnunuzi wako atajaribu kuliingiza, na mtajadiliana kwa saa nyingi. Simama imara, lakini mwachie nafuu ya kuahirisha kiwango cha mwaka mmoja akilipe mwaka unaofuata.

Mkiachana itakuwaje? Andikeni gharama ya kuvunja mkataba mwaka kwa mwaka, ikishuka kadiri mkopo unavyolipwa. Na mkigombana, tumieni usuluhishi chini ya sheria ya mwaka 1995, mtaje idadi ya wasuluhishi na mahali pa kukaa. Andikeni Malindi au Mombasa. Kesi ndogo inayosikilizwa Nairobi hula faida yake yote kwa nauli.

Mkataba huu uwe wa miaka mingi kuliko mkopo. Mkopo wa miaka 7 kwa mkataba wa joto wa miaka 5 ni miaka miwili ya kulala macho wazi.

Hatua ya 5: Chagua njia ya umeme

Baada ya joto kukaa sawa, umeme una njia nne, na kila moja ina lango lake katika sheria ya kawi ya mwaka 2019.

Njia nyepesi ni kuutumia mwenyewe. Uzalishaji wa matumizi yako usiozidi megawati 1 hauhitaji leseni ya kuzalisha. Mafundi watakaofunga nyaya lazima wawe na leseni za EPRA, na kama mtambo utaungana na laini ya Kenya Power hata kwa dakika moja, unahitaji idhini yao na kinga ya kuutenga gridi inapozimika. Fundi wa laini anapanda nguzo akiamini hakuna umeme. Usimuue.

Njia ya pili ni kupishana vipimo na gridi (net metering), yaani kuipelekea gridi umeme unaokuzidi, chini ya kanuni za mwaka 2024, kwa kawi jadidifu isiyozidi megawati 1. Ziada yako inarudi kwako kama krediti kwenye bili na si fedha mkononi. Kwa hiyo usiiandike kwenye hesabu za benki kama mapato.

Njia ya tatu ni kumuuzia jirani, na hapa watu wengi hujikwaa. Ile ruhusa ya kutokuwa na leseni ni ya matumizi yako mwenyewe. Ukivusha waya mmoja kwenda kwa jirani na kumtoza, umeingia katika usambazaji na uuzaji wa umeme, ambao una leseni zake hata kama ni kilowati 20. Bomba la maji ya moto kwa jirani huyohuyo halina leseni hiyo. Tazama jinsi sheria ilivyoliacha joto wazi: ni hatari kwa asiye na mkataba na ni nafasi kwa mwenye mkataba mzuri. Miradi kadhaa niliyoiona ikisimama kwa miguu yake inafanya hivyo, yaani inatumia umeme wake wenyewe na kuuza joto nje.

Njia ya nne ni kuuza kwa Kenya Power chini ya sera ya bei maalumu (feed-in tariff) iliyoanza mwaka 2008, kwa mkataba ambao kwa kawaida ni wa miaka 20. Sera ya mwaka 2021 imeibakiza njia hiyo kwa vyanzo kama makapi ya mimea na bayogesi hadi megawati 20, huku jua na upepo vikipelekwa kwenye mnada. Utaleta ombi la kuonyesha nia wizarani, upembuzi yakinifu, utafiti wa kuungana na gridi, majadiliano, idhini ya EPRA, na leseni. Mwaka huohuo wa 2021 serikali iliunda jopo la kuipitia mikataba yote ya ununuzi wa umeme, na mikataba mipya ikakwama kwa muda mrefu. Kwa mradi wa kilowati mia chache wa Gongoni au Mpeketoni, ushauri wangu ni kuiacha njia hii. Makaratasi yake ni yaleyale ya mradi wa megawati 20.

Hatua ya 6: Ardhi na watu

Kwanza tafuta jina lililoko kwenye hati. Mara nyingi shamba bado ni la marehemu babu, na warithi kumi na saba wametawanyika kutoka Mambrui hadi Jeddah. Mirathi ikamilike kwanza, kwa Kadhi au mahakama nyingine inayohusika, ndipo utie saini. Upangishaji unaozidi miaka 2 usajiliwe, la sivyo mmiliki mpya anaweza kukushangaza. Kibali cha ujenzi kinatoka kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, na kisima kinataka kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji. Kwenye kisiwa cha Lamu, maji matamu ya matuta ya mchanga ya Shela ni ya mji wote. Usipange kupozea injini maji hayo. Tumia feni.

Leseni ya mazingira inatoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mradi mdogo huanza na ripoti fupi, mkubwa hufanyiwa tathmini kamili. Lakini usiichukue kama karatasi ya kujazwa na mshauri kule Nairobi. Lamu imeshafundisha somo hili mara mbili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari, na kukosa kuwashirikisha wananchi ipasavyo kulikuwa sehemu ya kesi. Mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kule Kwasasi, na sababu kubwa ilikuwa hiyohiyo: watu hawakuulizwa wakiwa na taarifa mikononi.

Basi waulize kweli. Itisha baraza baada ya swala ya alasiri, si saa nne asubuhi wavuvi wakiwa baharini. Muhtasari wa mradi uwe kwa Kiswahili, kurasa mbili, wenye mambo matatu ambayo watu huuliza: moshi utaelekea wapi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kelele zitasikika hadi nyumba ipi, na vijana wangapi wa hapa watapata kazi ya kudumu. Weka orodha ya waliohudhuria na kila pingamizi pamoja na jibu lake. Pingamizi ulilolijibu kwa maandishi ni ngao yako kesho.

Ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, zungumza na Makumbusho ya Taifa kabla ya kuchimba hata shimo la bomba. Na pima uchochoro. Mtambo usioweza kubebwa na punda, mkokoteni au mabega hauingii, labda uufungue vipande jetini.

Hatua ya 7: Fedha na dhamana

Benki itauliza dhamana, na wengi hukimbilia hati ya nyumba. Kuna njia nyingine. Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika inaruhusu injini yenyewe, na hata malipo utakayodai kwa mkataba wa joto, kuwekwa rehani na kusajiliwa kwenye daftari la kielektroniki. Hapo ndipo mkataba wako wa joto unapogeuka kuwa mali yenye thamani, mradi una kiwango cha chini. Ule wa "kadiri atakavyohitaji" benki haiwezi kuupima.

Kama injini yako itafungwa kwenye ardhi ya kiwanda cha mnunuzi, andikeni wazi kwamba inabaki mali yako hata ikiwa imefungwa kwa boliti sakafuni, na mwenye benki ya kiwanda atie saini kukubali. Kiwanda kikifilisika, mrasimu atapiga muhuri kila kilicho ndani ya ukuta, na wewe utabaki getini na risiti.

Mwombe mnunuzi dhamana ya benki ya miezi miwili au mitatu ya malipo. Asipoweza, punguza ukubwa wa mradi. Bima iwepo ya moto, ya kuharibika kwa mtambo, na ya madhara kwa watu.

Hatua ya 8: Kuwasha

Eneo la kazi lisajiliwe na idara ya usalama na afya kazini chini ya sheria ya mwaka 2007. Boila ya mvuke ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa kabla ya kuwashwa, kisha kila mwaka. Asiye na mafunzo asiiguse. Mvuke hauonekani hadi uwe umeshakuchoma.

Kabla ya kumlipa mkandarasi fungu la mwisho, endesha mtambo saa 72 mfululizo ukiwa na mnunuzi wa joto akichukua joto kweli. Jaribio la umeme peke yake halitoshi. Linganisha umeme, joto na gesi na takwimu za mkataba wa ununuzi wa mtambo, na zilizopungua zikatwe kwenye malipo.

Tarehe ya kwanza ya mwezi unaofuata, nendeni wawili ukutani penye mita, wewe na mtu wa mnunuzi. Someni namba kwa sauti, muiandike kwenye daftari lenye nakala mbili, mpige picha, kila mmoja atie saini, na ankara ya kwanza itoke jioni hiyohiyo.